Jinsi ya kupinga mpaka wa Wilderness unaofunga njia za pikipiki na magari Marekani: mwongozo kamili

Kila likitoka tangazo la kufunga eneo jingine, sisi Waswahili tunaoendesha pikipiki za vumbi na magari ya 4x4 huku Utah, Idaho na Colorado tunarudia kosa lile lile. Tunaandika kwa uchungu: "Hii ni ardhi ya umma, msitufungie." Barua mia zinaondoka, zote mia zinawekwa kwenye fungu moja, zinajibiwa kwa sentensi moja, na mpaka unabaki palepale. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Tatizo ni kwamba tunadhani tunapiga kura. Hatupigi. Ofisa anayesoma maoni hahesabu wangapi wanataka na wangapi hawataki. Anatafuta kitu kinachomlazimu kurekebisha ramani au maandishi yake, na barua elfu moja zilizonakiliwa kutoka chanzo kimoja kwake ni hoja moja. Barua yako peke yako, yenye namba ya njia na picha tano, nayo ni hoja moja. Tofauti ni kwamba hiyo ya pili atalazimika kuijibu.

Mwongozo huu ni wa kuandika hiyo ya pili.

## Neno moja kabla hatujaanza

Kwenye ramani utakuta neno Wilderness. Hapa nitaliita pori la asili. Usilichanganye na pori la akiba wala pori tengefu la Tanzania. Kwetu mgeni huingia hifadhini ndani ya Landcruiser, na kutembea kwa miguu ndiko kunakohitaji kibali na askari mwenye bunduki. Hapa ni kinyume chake: miguu na farasi ruksa, injini marufuku. Baiskeli nayo marufuku. Kifungu cha 4(c) cha sheria ya mapori hayo, ya mwaka 1964, kinakataza barabara, magari, mitambo yenye injini na usafiri mwingine wowote wa kimitambo.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Tangazo lenyewe la serikali, au maandishi ya muswada. Usitegemee picha uliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp.
- Ramani ya mpaka unaopendekezwa, ikiwezekana faili la kufungua kwenye programu ya ramani.
- Ramani rasmi ya njia zilizo wazi kwa magari sasa hivi. Kwenye misitu ya taifa inaitwa MVUM na hutolewa bure. Kwenye ardhi ya BLM, ile ofisi inayosimamia maeneo makubwa ya jangwa na nyika za magharibi, tafuta ramani ya mpango wa njia wa wilaya husika.
- Simu yenye programu ya GPS inayorekodi safari na kutoa faili la GPX.
- Kamera ya simu iliyowekwa irekodi mahali na tarehe ya kila picha.
- Tepu ya kupimia, daftari na kalamu. Betri huisha, karatasi haiishi.
- Kalenda.
- Mtu mmoja anayeandika Kiingereza vizuri kukuzidi, kama Kiingereza chako ni cha kuombea maji. Lugha ya kisheria haihitajiki, inahitajika lugha inayoeleweka.

Uraia si sharti la kutoa maoni. Lakini barua yako huingia kwenye kumbukumbu za umma, na jina na anwani yako vinaweza kusomwa na yeyote. Usiweke namba ya hati yoyote, wala habari za familia ambazo hazihusiani na njia.

## Hatua ya 1: Jua unagonga mlango gani

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Mtu anaandika barua nzuri kweli, anaipeleka kwa ofisi isiyo na mamlaka juu ya jambo lile.

Pori la asili huundwa na Kongresi peke yake, kwa sheria. Si Rais, si Huduma ya Misitu, si BLM. Ila kabla Kongresi haijafika, ofisi hizo zinaweza kukufungia njia kwa namna nyingine. Tazama karatasi uliyonayo ni ipi kati ya hizi:

Muswada wa Kongresi. Una namba inayoanza na S. au H.R. Hapa unaongea na wabunge, kamati na kaunti. Mfano wa muda mrefu ni muswada wa miamba myekundu ya Utah, uliofikishwa Kongresi mara ya kwanza mwaka 1989, na ambao hurudishwa kila bunge jipya linapoanza.

Marekebisho ya mpango wa msitu wa taifa. Chini ya kanuni za mwaka 2012, msitu unaporekebisha mpango wake lazima uorodheshe maeneo yanayofaa kuwa pori la asili, uyatathmini, kisha uamue yapi uyapendekeze. Eneo lililopendekezwa si pori la asili bado, lakini msitu unaweza kuzuia injini humo wakati Kongresi ikiwa haijagusa kalamu. Hali hiyo inaweza kudumu miongo.

Mpango wa ardhi wa BLM. Hufanana na huo wa msitu, ila taratibu za kupinga ni tofauti, kama utakavyoona kwenye hatua ya 2.

Mpango wa njia. Huu hautaji pori la asili kabisa. Unachambua njia moja moja: hii wazi, hii ifungwe. Mwaka 2023 BLM ilifunga maili 317 za njia katika eneo la Labyrinth na Gemini Bridges karibu na Moab, Utah, kwa mpango wa aina hii, bila sheria yoyote mpya kupita Kongresi. Kwa hiyo msiwe mnashangilia muswada ukikwama huku mpango wa njia unapita mlango wa nyuma.

Eneo la uchunguzi, WSA. Sheria ya ardhi ya mwaka 1976 iliipa BLM miaka 15 kuchunguza maeneo yasiyo na barabara yenye ekari 5,000 au zaidi. Mengi bado yanasubiri uamuzi wa Kongresi hadi leo, na wakati huo BLM inatakiwa kuyatunza yasipoteze sifa zake. Ukiona herufi hizo kwenye ramani, jua unashughulika na ardhi ambayo tayari iko nusu mlangoni.

Utajua umemaliza hatua hii ukiweza kuandika sentensi moja: "Naandika kwa ofisi fulani, kuhusu hati fulani, ambayo itaamua jambo fulani." Ukishindwa, piga simu kwenye ofisi ya wilaya uulize. Hupokea simu, na wengi wao ni watu wa kawaida tu wanaofurahi kuulizwa swali lenye akili.

## Hatua ya 2: Andika tarehe, zote

Rasimu ya mpango wa msitu yenye tathmini kamili ya athari kwa mazingira kwa kawaida hupewa siku 90 za maoni. Baada ya hapo, mpango wa mwisho ukitoka, pingamizi rasmi dhidi ya mpango wa msitu lina siku 60. Kwa mpango wa BLM ni siku 30 tu.

Sasa zingatia hili, maana ndilo linaloumiza watu kuliko yote: ukikaa kimya kwenye kipindi cha maoni, huna haki ya kuweka pingamizi baadaye. Msitu hupokea pingamizi kutoka kwa waliotoa maoni rasmi yenye hoja, na pingamizi lazima litokane na hoja zile zile, isipokuwa jambo limezuka baada ya muda wa maoni kupita. BLM nayo inadai uwe ulishiriki na hoja iwe tayari kwenye kumbukumbu. Ukisema "nitasubiri nione watakachoamua," umeshajitoa mwenyewe.

Taratibu za tathmini ya mazingira zimebadilishwa sana miaka hii ya karibuni, kwa hiyo usitegemee mazoea ya rafiki yako aliyefanya hivi mwaka 2016. Tarehe iliyochapishwa kwenye tangazo ndiyo inayokubana. Weka kengele tatu kwenye simu: wiki tatu kabla, wiki moja kabla, na siku tatu kabla. Ile ya siku tatu ndiyo iwe siku yako ya kutuma, kwa sababu tovuti za serikali hulemewa usiku wa mwisho.

## Hatua ya 3: Laza ramani mbili juu ya moja

Fungua mpaka unaopendekezwa. Juu yake weka ramani rasmi ya njia. Kisha tafuta mambo matatu.

Kwanza, njia zilizo wazi kisheria leo ambazo zimeingia ndani ya mpaka. Andika namba zake. "Ile njia ya kwenda ziwani" si namba.

Pili, njia ambazo mpaka umezikwepa. Utaona mstari wa mpaka unaingia ndani, unazunguka barabara kama kikonyo cha tunda, kisha unatoka. Waandishi wa sheria hufanya hivyo makusudi ili barabara ibaki nje ingawa pori liko pande zote mbili. Kikonyo ni rafiki yako, utakiomba baadaye. Angalia kama kikonyo kimekatwa kabla ya mwisho wa njia: mara nyingi kinaishia kwenye kambi ya kwanza huku njia ikiendelea maili mbili hadi mgodi wa zamani.

Tatu, viungo. Njia moja fupi ikifungwa inaweza kuvunja mzunguko wa siku nzima. Kwenye orodha itasomeka maili moja na nusu, lakini kwa anayeendesha ni maili arobaini zimegeuka kuwa nenda-rudi. Ofisa aliyeketi mbele ya kompyuta hawezi kuliona hilo asipoambiwa.

Tahadhari: njia unayoipita kila Jumamosi inaweza isiwe kwenye ramani rasmi. Kwenye misitu ya taifa, njia isiyoonekana kwenye MVUM imefungwa kwa magari hata kama hakuna bango. Usijenge hoja yako juu ya njia ya namna hiyo kana kwamba iko wazi, utakuwa unajichongea mwenyewe kwa maandishi. Unaweza kuomba ifikiriwe, hiyo ni hoja nyingine.

## Hatua ya 4: Nenda ukaione kwa macho

Hatua hii inachukua Jumamosi moja au mbili na ndiyo yenye faida kuliko zote. Nimesoma rasimu nyingi za wenzangu, na ningeweza kusema nani alikwenda na nani aliandika akiwa kitandani kabla sijafika aya ya pili.

Ili ujue cha kupiga picha, elewa kwanza kinachobishaniwa. Katika uchunguzi wa BLM, barabara ni ile iliyoboreshwa na kutunzwa kwa mitambo ili itumike mara kwa mara. Alama iliyotokana na magari kupita tu, hata yakipita miaka hamsini, haihesabiwi kuwa barabara. Ni tofauti inayoonekana ya kijinga ukiwa juu ya pikipiki, lakini eneo likikutwa na barabara ya kweli katikati yake haliwezi kuitwa eneo lisilo na barabara. Na barabara hiyo ikilikata vipande vya chini ya ekari 5,000, hoja ya ukubwa nayo inayumba.

Kwa hiyo tafuta mikono ya mitambo:

- Kalavati chini ya barabara, la chuma au zege.
- Mtaro wa kando uliochimbwa, au tuta la udongo lililosukumwa na greda.
- Mlima uliokatwa upande mmoja na udongo kumwagwa upande wa pili.
- Changarawe iliyoletwa kutoka mahali pengine.
- Daraja, geti, uzio, birika la mifugo, nguzo za umeme, mabaki ya mgodi.
- Mabango ya namba ya njia yaliyowekwa na ofisi yenyewe. Haya ni dhahabu.

Kwa kila kitu piga picha mbili: moja ya karibu, ukiweka tepu au kofia ngumu pembeni ili ukubwa uonekane, na moja ya mbali inayoonyesha barabara ikiendelea. Andika namba ya picha, tarehe, na kilomita au maili tangu ulipoanza. Pima upana sehemu tatu. Rekodi safari yote.

Andika pia matumizi uliyoyaona. Magari mangapi? Walikuwa wanawinda, wanavua, wanachunga, wanapiga kambi? Kama ulibeba mzee asiyeweza kupanda mlima kwa miguu, liandike, kwa idhini yake.

Usifanye haya. Usipite njia iliyofungwa ili kuthibitisha kwamba inapitika. Usichukue jembe ukafukue kalavati lililozibwa. Usiende kwenye matope: picha yako ya ushahidi itaonyesha makorongo ya magurudumu yako mwenyewe, na upande wa pili watakushukuru. Na usimwingilie mtu anayetembea kwa miguu kumpiga picha ili useme "hata yeye hakulalamika."

Umefaulu ukirudi nyumbani na faili moja la GPX, picha kati ya kumi na ishirini zenye maelezo, na kurasa mbili za daftari. Picha mia mbili zisizo na maelezo hazitamsaidia mtu.

## Hatua ya 5: Tupa hoja zinazokuaibisha

Kabla ya kuandika, futa hizi kichwani. Nimeziona zikiharibu barua nzuri.

*"Walemavu hawataweza kuingia."* Sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 inaruhusu viti vya magurudumu katika mapori ya asili, vikiwemo vya umeme, mradi viwe vimeundwa kwa ajili ya mtu mwenye shida ya kutembea pekee na vinafaa kutumika ndani ya nyumba. Sema kilicho kweli: kiti cha namna hiyo hakiwezi kupanda njia ya mawe ya maili sita, na gari ndilo lililokuwa likimfikisha pale mtu fulani.

*"Mifugo itafukuzwa."* Ufugaji uliokuwepo kabla eneo halijatangazwa unaruhusiwa kuendelea.

*"Moto ukiwaka hawataruhusiwa kuuzima."* Sheria inaruhusu hatua za kudhibiti moto, wadudu na magonjwa ya miti. Unaweza kusema kwamba bila barabara kazi hiyo ni ngumu zaidi. Usiseme imekatazwa.

*"Umoja wa Mataifa unanyakua ardhi."* Hapana. Kwa heri.

Ukikosea jambo moja linalothibitika, msomaji atatilia shaka na kalavati lako la kweli.

## Hatua ya 6: Andika barua, ukianza na unachoomba

Ukurasa mmoja na nusu hadi mitatu unatosha. Aya ya kwanza iseme unataka nini. Usimfanye ofisa asome maisha yako kwanza.

Barua dhaifu husema hivi:

"Mimi na familia yangu tunapenda sana milima hii. Kufunga njia ni kutunyima haki yetu. Tafadhali chagueni chaguo la kutofunga chochote."

Hakuna kitu hapo cha kujibu. Sasa tazama hii, ujaze nafasi kwa habari zako:

"Naomba mpaka wa eneo ____ usogezwe ili njia namba ____ ibaki nje kwa urefu wake wote, kutoka ____ hadi ____. Ramani ya ukurasa wa ____ inaiweka ndani. Tathmini, ukurasa wa ____, inasema eneo halina barabara. Nilikwenda tarehe ____. Picha 3 hadi 7 zinaonyesha kalavati mbili, mtaro uliochimbwa na bango la ofisi yenu lenye namba ya njia. Njia hii inaunganisha njia namba ____ na ____ na kufanya mzunguko wa maili ____. Ikifungwa, magari yatarudi kwa njia ile ile na kuongeza msongamano kwenye ____, jambo ambalo tathmini haikulichambua."

Umeona? Kuna ombi, mahali, kosa lililo kwenye hati yao wenyewe, ushahidi, na athari ambayo hawakuipima. Sehemu ya mwisho ni muhimu kuliko inavyoonekana: sheria ya mazingira haiwalazimishi kukubaliana nawe, inawalazimisha kuchambua. Ukiwaonyesha walichoruka, umewapa kazi.

### Mpe njia ya kutokea

Kuomba "msifanye lolote" ni haki yako, na liandike kama ndilo unaloamini. Lakini likiwa ndilo ombi pekee na likakataliwa, umebaki mikono mitupu. Weka chaguo la pili na la tatu chini yake:

- Kikonyo kwa njia mahsusi, kikifika hadi mwisho halisi wa njia, na mpaka ukae mbali kidogo na ukingo wa barabara ili kuwe na nafasi ya kutengeneza mtaro au kupishana.
- Hadhi nyingine ya ulinzi, kama eneo la burudani la taifa au eneo la usimamizi maalumu, inayozuia migodi na majengo lakini inaacha njia zilizopo.
- Kufunga kwa msimu, mathalani wakati wanyama wanapozaa au theluji inapoyeyuka, badala ya mwaka mzima.
- Kwa muswada: kifungu kinachosema kwamba shughuli zinazoonekana au kusikika kutoka ndani ya pori hazizuiwi nje ya mpaka. Sheria nyingi za mapori tayari zinacho. Usipokiomba, kesho njia iliyo nje italalamikiwa kwa kelele.
- Kwa maeneo ya WSA: kifungu cha kuachilia sehemu zisizoingizwa porini, zirudi kwenye usimamizi wa kawaida badala ya kusubiri milele.

Haya si maombi ya ndotoni. Sheria ya Dingell ya Machi 2019 iliunda mapori ya asili ya ekari milioni 1.3 kwa jumla, yakiwemo ya San Rafael Swell huko Utah. Sheria hiyo hiyo ikaweka au kupanua maeneo 6 ya magari katika jangwa la California, yakapata ulinzi wa kisheria ambao ofisa wa kawaida hawezi kuufuta kwa kalamu yake. Waliokaa mezani walipata kitu.

Idaho nako, sheria ya Agosti 2015 kuhusu milima ya Boulder na White Clouds iliunda mapori 3 yenye ekari zaidi ya 275,000. Mazungumzo yake yalichukua zaidi ya muongo. Wenye pikipiki walibakiziwa njia ya Germania Creek, inayopita katikati ya mapori mawili. Waendesha baiskeli za milimani wakapoteza Castle Divide na Ants Basin, njia walizozipenda mno. Mimi nalisoma hivi: anayetaja njia yake kwa jina mapema, na kuitaja tena na tena kwa miaka, ana nafasi. Asiyetaja huona ramani ikiwa imekwisha kupigwa muhuri. (Hao wa baiskeli, kusema haki, walitaja sana. Haikutosha. Hakuna barua yenye dhamana.)

## Hatua ya 7: Tuma, kisha thibitisha

Tumia tovuti iliyotajwa kwenye tangazo, si barua pepe ya mtu unayemfahamu ofisini. Ambatisha picha kama faili moja la PDF, zikiwa na namba zinazolingana na barua. Faili la GPX lipeleke pembeni.

Hifadhi namba ya uthibitisho na upige picha ya skrini (screenshot). Ukiombwa baadaye kuthibitisha kwamba ulishiriki, hiyo ndiyo tiketi yako. Siku chache baadaye fungua ukurasa wa mtandaoni wa kusomea maoni ya umma, kama upo, uhakikishe barua yako imo na viambatisho vinafunguka. Kisichofunguka hakijasomwa.

Kama mko kundi, kila mtu aandike yake, kuhusu njia anayoijua. Gawaneni ramani. Watu saba wenye njia saba ni bora kuliko watu sabini wenye aya moja.

## Hatua ya 8: Kaunti na wabunge

Kwa muswada, hapa ndipo uzito ulipo. Mbunge akitaka kujua watu wa eneo wanasemaje, huuliza kwanza makamishna wa kaunti. Barua ya makamishna wa kuunga mkono au kupinga husomwa kamatini.

Mikutano ya kaunti ina muda wa wananchi kuongea, kwa kawaida dakika chache tu. Andika maneno yako na uyasome nyumbani ukijipimia muda kwa saa. Taja njia moja, athari moja, ombi moja, kisha keti. Vaa kwa heshima: wengi wa makamishna ni wafugaji na wenye maduka, na wameshachoshwa na watu wanaofoka.

Ofisi ya mbunge ipigie ile ya jimboni kabla ya ile ya Washington, uombe kuongea na mtumishi anayeshughulikia ardhi ya umma. Mkaribishe aje kuona njia. Akikubali, usimpeleke kwa mwendo wa mashindano.

Muswada ukisikilizwa kamatini, kumbukumbu za kikao hubaki wazi kwa muda mfupi kupokea maandishi. Uliza siku ile ile, maana ni suala la siku, si miezi.

## Hatua ya 9: Soma majibu yao

Hati ya mwisho huja na kiambatisho cha majibu kwa maoni. Wengi hawakifungui. Tafuta namba ya njia yako.

Ukikuta mpaka umesogea, au njia imetolewa, umefaulu. Mara nyingi ushindi una sura hiyo: mstari mmoja kwenye ramani umejipinda mita mia mbili, na hakuna gazeti litakaloandika.

Ukikuta wamejibu kitu kingine, au hawakugusa ushahidi wako kabisa, hiyo ndiyo hoja ya pingamizi lako. Nakili maneno yako ya awali, weka namba ya uthibitisho, onyesha jibu lao, eleza lilichokosa, rudia ombi. Usiongeze hasira mpya wala hoja mpya. Kwenye msitu, pingamizi linaweza kuishia kwenye kikao na ofisa wa ngazi ya juu, na kurasa mbili safi zitakusaidia zaidi ya ishirini zenye jazba. Baada ya hapo ni mahakamani, na huko tafuta mwanasheria.

Uamuzi ukishatoka, vyovyote ulivyokuwa, pakua ramani mpya ya njia kabla hujawasha pikipiki Jumamosi inayofuata. Ile iliyo kwenye simu yako imepitwa na wakati, na askari wa misitu hatauliza kama ulikuwa bado unasubiri jibu la pingamizi.